Fedha Hewa Kwenye Ripoti: Vidokezo 11 vya Kupata Jumla za Kweli

Ripoti ya mauzo imetoka, bosi anatabasamu, mhasibu amekunja uso. Kwenye vitabu vyake fedha za namna hiyo hazipo. Kompyuta haikukosea kujumlisha. Ilijumlisha kwa uaminifu kila ilichopewa, ila ilipewa mstari uleule mara tatu. Ndivyo inavyokuwa tunapounganisha majedwali ya kanzidata kisha tukaomba SUM bila kuangalia kilichotokea katikati. Kosa hili halitoi onyo wala halisimamishi kweri (query). Linatoa namba safi, yenye mikato mahali pake, na ni namba ya uongo.

Vidokezo hivi ni vya yeyote anayeandika SQL kazini, awe mtaalamu au karani aliyerithi ripoti za mwenzake. Tutatumia duka la vifaa vya ujenzi lenye majedwali manne: wateja, ankara, vitu (kila bidhaa iliyoandikwa kwenye ankara) na malipo.

1. Jiulize kwanza: mstari mmoja ni nini?

Kabla hujaandika neno lolote la kweri, maliza sentensi hii: "Kwenye jedwali hili, mstari mmoja ni…" Kwenye ankara, mstari mmoja ni ankara moja. Kwenye vitu, ni bidhaa moja ndani ya ankara moja. Kwenye malipo, ni fedha iliyopokelewa mara moja. Ukishindwa kuimaliza sentensi, hujawa tayari kujumlisha.

Kisha rudia swali hilo kwa matokeo ya muunganisho wako. Ukiunga ankara na vitu, mstari mmoja sasa ni bidhaa, hata kama safu za ankara bado zinaonekana pale pale upande wa kushoto. Ralph Kimball, ambaye kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu maghala ya data bado kinasomwa na wataalamu wa fani hii, alisisitiza kwamba jambo hili litamkwe wazi mapema kabisa wakati wa kusanifu jedwali. Ni sekunde kumi za kufikiri, na zinaokoa siku nzima ya kubishana na idara ya fedha.

2. Elewa kwamba kuunganisha ni kunakili

Tuchukue ankara moja. Mteja amechukua saruji ya shilingi 340,000, nondo za 260,000 na misumari ya 40,000. Jumla ni 640,000. Amelipa mara mbili: 400,000 kwa simu na 140,000 taslimu, yaani 540,000. Tunamdai 100,000. Hesabu hii hata mtoto wa darasa la nne anaiweza.

Sasa unga ankara, vitu na malipo katika kweri moja, kwa namba ya ankara. Kila kitu kitakutana na kila lipo: vitu vitatu mara malipo mawili, mistari sita.

Saruji 340,000 na simu 400,000
Saruji 340,000 na taslimu 140,000
Nondo 260,000 na simu 400,000
Nondo 260,000 na taslimu 140,000
Misumari 40,000 na simu 400,000
Misumari 40,000 na taslimu 140,000

Jumlisha safu ya kwanza: 1,280,000, mara mbili ya ukweli. Jumlisha ya pili: 1,620,000, mara tatu ya ukweli. Toa, uone maajabu: mteja amezidisha malipo kwa 340,000. Tuliyekuwa tunamdai sasa anatudai, na ripoti haina aibu.

Angalia pia kwamba kila upande umezidishwa kwa idadi ya mistari ya upande mwingine. Ankara yenye kitu kimoja na lipo moja itatoka sahihi kabisa. Ndiyo maana kweri mbovu hufaulu majaribio ya siku ya kwanza, wakati data bado ni chache, kisha ikaanza kuvimba wateja wanapoanza kulipa kwa awamu.

3. Jumlisha kwanza, unganisha baadaye

Ukichukua kidokezo kimoja tu katika vyote hivi, chukua hiki. Kila jedwali la chini lijumlishwe peke yake, lishuke hadi mstari mmoja kwa kila ankara, ndipo mikutano ianze. Mstari mmoja ukikutana na mstari mmoja, hakuna cha kunakiliwa.

```
WITH mauzo AS (
  SELECT namba_ankara, SUM(kiasi) AS jumla
  FROM vitu
  GROUP BY namba_ankara
),
yaliyolipwa AS (
  SELECT namba_ankara, SUM(kiasi) AS jumla
  FROM malipo
  GROUP BY namba_ankara
)
SELECT a.namba,
       COALESCE(m.jumla, 0) AS mauzo,
       COALESCE(y.jumla, 0) AS imelipwa,
       COALESCE(m.jumla, 0) - COALESCE(y.jumla, 0) AS deni
FROM ankara a
LEFT JOIN mauzo m ON m.namba_ankara = a.namba
LEFT JOIN yaliyolipwa y ON y.namba_ankara = a.namba;
```

Kweri hii itakupa 640,000, 540,000 na deni la 100,000. Ni ndefu kidogo, lakini inasomeka kama maelezo: hapa mauzo, hapa yaliyolipwa, hapa deni. PostgreSQL ina WITH tangu toleo la 8.4, na MySQL tangu 8.0. Kama seva yenu ni ya zamani zaidi, weka vipande hivyo viwili ndani ya mabano chini ya FROM. Kazi ni ileile.

4. DISTINCT isiwe panadol yako

Namba zikivimba, wengi hukimbilia SUM DISTINCT. Ijaribu kwenye mfano wetu: vitu 640,000, malipo 540,000. Sahihi! Na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu imepatia kwa bahati tu. SUM DISTINCT haiulizi kama mistari miwili ni nakala ya kitu kimoja. Inauliza kama viasi vinafanana. Mteja wa pili akilipa 200,000 Jumatatu na 200,000 Ijumaa, mfumo utamwandikia 200,000. Umeondoa fedha hewa, na umefuta fedha halali.

COUNT DISTINCT ni habari nyingine. Ukitaka kujua ankara ngapi zimo ndani ya muunganisho, hesabu namba za ankara bila marudio. Jibu litakuwa salama kwa sababu namba ya ankara haijirudii kwa bahati. Kanuni ni rahisi: kutofautisha kwa kitambulisho kunaruhusiwa, kutofautisha kwa kiasi cha fedha ni kucheza pata potea.

5. Kama swali ni "yupo au hayupo", tumia EXISTS

Mara nyingi hatuunganishi ili kuchukua data, bali kuchuja tu. Bosi anauliza: "Ankara zilizo na saruji zina thamani gani kwa jumla?" Mkono unaandika JOIN vitu, kisha WHERE aina ni saruji. Lakini fundi mmoja amechukua saruji ya 42.5 kwa ajili ya zege na ya 32.5 kwa ajili ya plasta katika ankara moja. Mistari miwili ya saruji, ankara mara mbili.

Andika WHERE EXISTS, ndani yake uliza kama kuna kitu cha aina ya saruji chenye namba hiyo ya ankara. EXISTS inajibu ndiyo au hapana, na haijawahi kuzaa mstari wa ziada. IN yenye kweri ndogo ndani yake nayo inafaa. Ukiona jedwali umeliunga lakini hakuna safu yake hata moja kwenye SELECT, jua mara nyingi hapo EXISTS ilikuwa inatosha.

6. Hesabu mistari kabla na baada ya kila muunganisho

Usijenge kweri ya majedwali sita kwa pumzi moja. Anza na jedwali la msingi, piga COUNT: tuseme ankara 5,000. Ongeza wateja: bado 5,000? Endelea. Ongeza malipo: 7,340? Simama. Si lazima iwe kosa, lakini tangu hapo kila safu ya fedha iliyotoka kwenye ankara haifai tena kujumlishwa moja kwa moja.

Ukishajua ni muunganisho upi uliovimbisha, mtafute mhusika: panga matokeo kwa makundi ya namba ya ankara, weka HAVING ya zaidi ya mstari mmoja, kisha fungua ankara mbili tatu na uzisome mstari kwa mstari. Dakika tano za kutazama mistari halisi zinafundisha kuliko saa nzima ya kuikodolea macho kweri.

7. Usiamini ufunguo ambao hakuna anayeulinda

"Namba ya simu ya mteja haijirudii." Nani kasema? Mume na mke hutumia laini moja, kampuni ina simu moja kwa mafundi wanne, na karani akikosa namba huandika sifuri kumi. Majina ya mahali ni mtihani mkubwa zaidi. Kuna kata ya Majengo Moshi na kuna kata ya Majengo Dodoma. Ukiunga mauzo na orodha ya kata kwa jina tu, mauzo ya Moshi yatajikuta yamehesabiwa na Dodoma pia. Tumia namba ya utambulisho, au angalau kata pamoja na wilaya na mkoa.

Orodha ya bei ni mtego mwingine. Bei ya bati ikibadilika mara tatu kwa mwaka, jedwali la bei lina mistari mitatu ya bati lilelile. Ukiunga kwa msimbo wa bidhaa peke yake, kila bati lililouzwa litauzwa mara tatu. Ongeza tarehe kwenye sharti, na jihadhari na BETWEEN: kama bei ya zamani inaishia tarehe 1 Julai na mpya inaanzia siku hiyohiyo, mauzo ya tarehe 1 Julai yataangukia kote kuwili. Sharti salama ni tarehe iwe sawa na mwanzo au baada yake, na iwe kabla ya mwisho.

Pale unapoamini kitu hakijirudii, mwombe msimamizi wa kanzidata aweke sharti la UNIQUE. Kama data inalikataa, umepata jibu lako mapema.

8. Jumla ikipungua nayo ni kosa

Tunazoea kuogopa namba kubwa, lakini muunganisho unameza pia. JOIN ya kawaida huacha nje ankara ambayo haijalipwa hata senti, yaani mdaiwa sugu kuliko wote anatoweka kwenye ripoti ya madeni. Tumia LEFT JOIN, kisha jihadhari na mambo matatu.

Kwanza, ukiweka sharti la jedwali la kulia kwenye WHERE, kwa mfano njia ya malipo iwe taslimu, utawafukuza tena wasiolipa. Sharti hilo liingie kwenye ON. Pili, COUNT yenye nyota itampa asiyelipa lipo moja, kwa sababu mstari wake upo japo upande wa malipo ni mtupu. Hesabu safu ya namba ya lipo, upate sifuri. Tatu, SUM ya kisichokuwepo ni NULL, si sifuri, na 640,000 ukitoa NULL unapata NULL. Ndiyo kazi ya ile COALESCE kwenye kidokezo cha tatu.

9. Wastani unadanganya kwa sauti ya upole

Jumla ikiwa mara tatu, mtu atashtuka. Wastani ukikosea, hakuna anayeinua kichwa, kwa sababu namba bado inaonekana ya kawaida. Tuseme jedwali la ankara lina safu ya jumla, na tuna ankara mbili: ile ya 640,000 yenye vitu vitatu, na nyingine ya 100,000 yenye kitu kimoja. Wastani wa kweli ni 370,000. Unga na vitu kwanza, na ankara kubwa itapiga kura mara tatu: 1,920,000 na 100,000, gawa kwa nne, unapata 505,000. Bosi anaweza kuagiza mzigo au kuweka kiwango cha punguzo kwa namba hiyo, na hakuna atakayejua.

Asilimia zina ugonjwa huohuo. MAX na MIN hazijali nakala, maana kubwa kuliko zote inabaki kubwa hata ikirudiwa mara mia.

10. Vitufe vya kubofya havijakuokoa

Anayetumia Excel huweza kudhani haya ni ya watu wa SQL. VLOOKUP kweli haizidishi mistari: huchukua kilichopatikana kwanza na kunyamaza kuhusu vingine, kwa hiyo mteja mwenye malipo mawili ataonekana kalipa moja. Hapo kosa limegeuka upande. Lakini ukihamia Power Query na kubofya kitufe cha kuunganisha, ukapanua safu, nakala zitamiminika kama kwenye SQL. Tableau tangu toleo la 2020.2 ina mahusiano yanayoacha kila jedwali na kiwango chake hadi wakati wa kujumlisha, ila muunganisho wa zamani bado umo na bado unazidisha. Kwenye Power BI, soma vizuri mshale na alama za mmoja kwa wengi kati ya majedwali. Uhusiano wa wengi kwa wengi ni taa ya njano.

Shida hii haikuletwa na programu za siku hizi. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtafiti wa IBM aliyebuni mfumo wa kanzidata za majedwali, alionya kuhusu mtego wa miunganisho: msambazaji anatoa kipuri fulani, mradi fulani unatumia kipuri hicho, mtu akahitimisha kwamba msambazaji huyo anauhudumia mradi huo. Si lazima iwe hivyo. Rudi kwenye mistari yetu sita: mstari wa pili unaonyesha saruji kando ya 140,000 taslimu. Je, zile taslimu zililipia saruji? Hakuna aliyesema hivyo. Mteja alilipia ankara. Vitu na malipo wanafahamiana kwa sababu ya ankara tu, na kuwakutanisha moja kwa moja ni kuwabambikia undugu.

11. Kuwa na namba ya kulinganishia, na sema mapema ukikosea

Kabla ripoti haijatoka, jumlisha jedwali moja moja bila muunganisho wowote: vitu peke yake, malipo peke yake, kwa kipindi kilekile. Hizo ndizo namba za kulinganishia. Jumla ya mwisho ya ripoti yako ikitofautiana nazo hata kwa shilingi moja, ueleze kwa nini kabla hujaulizwa. Malipo yana shahidi mwingine pia: taarifa ya benki na ya kampuni ya simu, ambazo hazijui chochote kuhusu kweri yako.

Kisha chagua mteja mmoja msumbufu, mwenye ankara nyingi, malipo ya awamu na bidhaa iliyorudishwa, umhesabu kwa kalamu. Mteja mwenye ankara moja hatakufichulia kitu. Huyo msumbufu mhifadhi, mtumie kila kweri inapobadilishwa.

Na kama ripoti yenye fedha hewa ilishasambazwa, usiibadilishe kimyakimya. Andika kwa waliopokea: namba ya zamani ilikuwa hii, sahihi ni hii, iliathiri miezi hii, chanzo ni malipo kuhesabiwa mara moja kwa kila bidhaa. Kisha tafuta ripoti nyingine zilizonakiliwa kutoka kweri hiyohiyo, maana kweri ya ofisini hurithishwa. Anza na ya madeni: mteja aliyeambiwa hadaiwi wakati anadaiwa 100,000 atakuwa mgumu zaidi kulipa kadiri siku zinavyokwenda.